Lipo? Halipo? Historia ya Swali Moja

Sura ya saba ya riwaya yangu imeshaandikwa mara mbili, na mara ya pili nimeiandika huku nimenuna. Ile ya kwanza niliipoteza mwenyewe. Hakuna mwizi aliyeingia ndani, wala mvua haikuvuja darini. Niliipoteza kwa mistari tisa ya programu niliyoitunga kwa mkono wangu, siku ambayo nilijiona bingwa kwa sababu nimepunguza maswali.

Ngoja nianze mwanzo. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kuficha mfukoni, nikaenda kukaa kwenye steshenari ya shangazi yangu hapa Dar es Salaam, nikipiga fotokopi na kuchapa barua za watu za kuomba kazi. Usiku naandika riwaya. Kundi letu la waandishi vijana lina kabati la miswada: hadithi zilizopigwa taipu, mashairi ya kwenye daftari, michezo ambayo haikuwahi kuigizwa. Panya walishaanza kuionja. Nikajitolea kuskani kila ukurasa kwa mashine ya shangazi na kuupeleka kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni fulani ya mbali inayokodisha nafasi ya kuhifadhia mafaili. Zikafika kurasa 2,600 na ushee, pamoja na sura za riwaya yangu. Programu ya kupakia niliiandika mwenyewe, kwa kuelekezwa na mshikaji mmoja aliyesomea mambo hayo chuoni.

Programu ya kwanza ilikuwa jinga lakini mwaminifu. Kila usiku ilipakia kila kitu upya. Ukurasa mmoja ni kama kilobaiti 300. Zidisha kwa 2,600, unapata karibu MB 800. Bando la wiki likakata siku ya pili. Mshikaji akacheka mpaka akashika mbavu, akaniambia, "Bwana mdogo, uliza kwanza." Basi programu ya pili ikawa inauliza. Faili la kwanza, lipo? Lipo. La pili, lipo? Lipo. La tatu? Maswali 2,600 kila usiku wa Mungu, ili mwisho wake zipande kurasa mbili tatu tu. Bando lilipumua, lakini kazi ilichukua zaidi ya nusu saa, na umeme wa mtaani kwetu mnaujua.

Ndipo nikatunga ile mistari tisa. Faili likishapanda mara moja, jina lake linaandikwa pembeni, na jina lililoandikwa haliulizwi tena maishani. Maswali yakashuka kutoka 2,600 hadi mawili, matatu, siku nyingine sifuri. Nikajipigia makofi peke yangu. Kwa wiki sita nikawa narekebisha sura ya saba, pale ambapo mama wa mhusika wangu anauza cherehani ili amlipie mwanawe nauli. Kila usiku nilihifadhi kwa jina lilelile. Wiki ya saba diski ya kompyuta ikafa. Nikaenda winguni kwa madaha kuchukua kilicho changu. Sura ya saba ipo? Ipo. Ile ya wiki sita nyuma, cherehani bado imekaa sebuleni, mama hana habari.

Nilipomaliza kununa nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama kuna wengine walioumwa na swali hili kabla yangu. Kumbe ni wengi, na ni watu wazito.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa posta enzi za telegramu. Alikuwa akitusimulia jinsi watu walivyosimama dirishani wakikata maneno, maana kila neno lilikuwa na bei yake. "Mama mgonjwa njoo": maneno matatu, na mtu anapanda basi. Huku kwetu mambo hayo yalianza mapema. Waya wa telegrafu wa baharini ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, ukaendelea kusini hadi Durban. Wafanyabiashara wa zama hizo walikuwa na vitabu vizima vya mafumbo, ambamo neno moja la ajabu lilisimama mahali pa sentensi ndefu kuhusu bei ya karafuu au meli iliyochelewa. Walibana maneno. Lakini telegramu ilibana uzito wa ujumbe tu. Idadi ya safari ilibaki ileile. Mimi tatizo langu lilikuwa safari. Swali langu ni dogo, herufi chache, ila kila moja linakwenda mpaka ng'ambo na kurudi, na mimi namsubiri mjumbe arudi ndipo nimtume mwingine.

Watu wa hapa kwetu tuna sababu ya kulielewa hili kuliko wengi. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya pwani hii ilipitia angani. Setilaiti za namna ile hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali lipande, lishuke, jibu lipande, lishuke: nusu sekunde imekwisha, hata kama swali lenyewe ni "lipo?" tu. Maswali yangu 2,600 yangekula dakika ishirini na ushee kwa kusafiri peke yake. Julai 2009 waya wa SEACOM ulipowashwa, ukitua Mombasa na Dar es Salaam, safari ikafupika sana. Haikufutika. Mwanga ndani ya waya nao una mwendo wake, na hakuna bando la kuununua uongeze.

Wa kwanza kunifurahisha katika kusoma kwangu walikuwa mabwana wawili wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, kule Canberra: Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Juni 1996 walitoa ripoti fupi juu ya programu waliyoiita rsync. Shida waliyoianzia ilikuwa ya kimaskini kama yangu. Kompyuta mbili, waya mwembamba na wa polepole katikati yake, na faili lililobadilika kidogo. Unapelekaje mabadiliko tu, wakati huku hujui kule kuna nini, na kule hawajui huku kuna nini?

Nieleze kwa lugha yetu ya miswada. Mhariri yuko Morogoro ana rasimu yako ya zamani. Wewe uko Dar na rasimu mpya. Mhariri anaikata ya kwake vipande vilivyo sawa, na kwa kila kipande anapiga hesabu mbili: moja nyepesi, ya haraka, na moja nzito isiyodanganyika kirahisi. Anakutumia orodha ya hesabu hizo, si maneno yenyewe. Wewe unaipitisha dirisha rasimu yako mpya, herufi kwa herufi, ukitafuta sehemu ambayo hesabu yake nyepesi inafanana na ya kipande fulani. Ikifanana unahakikisha kwa ile nzito. Kisha unamjibu: chukua kipande chako cha nne, weka maneno haya mapya, kisha cha tano, cha sita, ruka cha saba. Yeye anashona. Safari moja ya kwenda na moja ya kurudi kwa faili zima, basi.

Ujanja uko kwenye ile hesabu nyepesi. Ukiongeza neno moja mwanzoni mwa sura, kila kitu kinasogea. Mtu anayelinganisha kipande na kipande kwa nafasi zake ataona vyote vimebadilika. Ndiyo maana dirisha lazima litembee herufi kwa herufi. Na kwa kuwa hesabu hiyo imetungwa hivyo, dirisha linaposogea hatua moja huhitaji kuhesabu upya: unatoa herufi iliyotoka nyuma, unaingiza iliyoingia mbele, umemaliza. Walijaribu kwa msimbo wa Linux, toleo la 1.99.10 dhidi ya 2.0.0, furushi la takriban MB 24. Ndani ya mafaili 2,441 ya toleo la zamani, yaliyokuwa yamebadilika ni 291 tu. Niliposoma tarakimu hizo nikaikumbuka programu yangu ya kwanza na MB zake 800, nikaona haya.

Karibu na wakati huohuo, Januari 1997, kanuni za HTTP 1.1, ambazo ndizo adabu za mazungumzo ya intaneti, zilikubali kila kitu kipewe alama yake, ETag. Ukiwa na nakala ya zamani unasema: nipe ukurasa huu, ila kama alama yake bado ni hii niliyo nayo, usinipe. Seva inajibu kwa tarakimu 304, maana yake hakijabadilika, na haitumi kitu. Wenzangu mliokulia kwenye kubipu mtaelewa upesi. Simu inalia mara moja inakatwa, na wewe unajua dada kafika salama. Habari imefika, hela haijatoka.

Kanuni hizo zilikuwa na kitu kingine ambacho nitakirudia, maana kinanichekesha. Ziliruhusu pia uweke kwa sharti: weka hiki, ila kama hakuna kitu hapo, au weka hiki, ila kama kilichopo bado ni kile ninachokijua. Swali na tendo ndani ya safari moja. Lishike hilo.

Mwaka 2007 alikuja Drew Houston wa Marekani, ambaye mwenyewe husimulia kwamba alipanda basi kutoka Boston kwenda New York akagundua kasahau flashi nyumbani, na humo ndani ya basi akaanza kuandika kilichokuja kuwa Dropbox. Nani kati yetu hajasahau flashi? Wao waliyakata mafaili katika vipande vya MB 4, kila kipande na alama yake, na kompyuta yako inapeleka alama kwanza ili iambiwe ni vipande vipi havipo. Vilivyopo havisafiri tena. Na mafaili ya wateja, kwa miaka mingi ya mwanzo, waliyaweka kwenye wingu la kampuni nyingine, Amazon.

Hapo ndipo historia inakuwa ya fedha, na mimi hapo ndipo nilipokesha. Amazon walifungua hifadhi yao iitwayo S3 tarehe 14 Machi 2006. Chombo cha kuhifadhia ndani yake wanakiita ndoo. Bei ilikuwa senti 15 za dola kwa kila GB kwa mwezi, na senti 20 kwa kila GB inayosafirishwa. Maswali? Bure. Uliza utakavyo. Ikatokea unachoweza kukitarajia: watu wenye mafaili madogo madogo mamilioni wakawa wanagonga mlango mchana na usiku, wanalipa senti chache za uzito huku wakiwafanyisha kazi wenye nyumba. Tarehe 1 Juni 2007 bei ikabadilishwa. Kuweka faili au kuomba orodha, senti moja kwa kila maombi 1,000. Kuchukua na kuuliza kwingine, senti moja kwa kila maombi 10,000. Kufuta, bure. Kuanzia siku hiyo neno "lipo?" likawa na bei, kama maneno ya babu dirishani.

Senti moja si kitu, utaniambia. Kweli, kwa mtu mwenye kabati moja la miswada. Lakini Aprili 2024 kuna mhandisi mmoja alieleza hadharani jinsi alivyofungua ndoo tupu kwa majaribio, na ndani ya siku moja ikapokea karibu maombi milioni 100 ya kuweka mafaili. Jina aliloichagulia lilikuwa limefanana na jina la mfano ndani ya programu moja ya bure inayotumiwa na watu wengi, na mashine za watu asiowajua zilikuwa zikijaribu kupakia kwake. Zote zilikataliwa. Hata hivyo bili ikaja, zaidi ya dola 1,300, maana ombi lililokataliwa nalo ni ombi. Mwezi Mei 2024 Amazon wakaacha kuwatoza wenye ndoo kwa maombi ya namna hiyo kutoka nje. Tafakari kidogo: unadaiwa kwa sababu watu wamekugongea mlango ukawaambia hapana!

Kuna kisa kingine cha S3 ambacho laiti ningekijua mapema. Kwa miaka mingi hifadhi ile iliahidi kwamba faili jipya ukishaliweka utaliona papo hapo. Ila palikuwa na sharti dogo ndani ya maelezo: ahadi hiyo haipo kama ulikuwa umeuliza kabla ya kuweka. Ukiuliza "lipo?" ukajibiwa "halipo", kisha ukaliweka, ukiuliza tena mara moja unaweza kujibiwa "halipo" na hali umeliweka sasa hivi, maana lile jibu la kwanza limebaki kwenye kumbukumbu za njiani. Yaani mwangalifu anayeuliza kwanza ndiye aliyepata wasiwasi, na mzembe aliyetupa tu akalala usingizi. Mambo hayo yaliisha tarehe 1 Desemba 2020, walipotangaza kwamba sasa kinachosomwa ni kilichoandikwa mwisho, bila masharti.

Lakini hata jibu likiwa la kweli, kuuliza kwanza kuna ugonjwa wake. Umesimama kituoni Mwenge jioni, unamuuliza konda, "Siti ipo?" Anakujibu, "Ipo, panda!" Hakudanganyi. Ila kati ya jibu lake na mguu wako kuna watu wanne wenye haraka kuliko wewe. Ndivyo ilivyo kwa faili: umeuliza, halipo, na kabla hujapakia mwenzako naye kapakia la kwake kwa jina hilohilo, kisha lako linafunika la kwake. Dawa yake ilikuwa imeandikwa tangu 1997, kwenye zile kanuni nilizokuambia uzishike: weka ila kama hakuna. S3 walianza kuikubali sharti hiyo wakati wa kuweka faili Agosti 2024, na ile nyingine ya "kama bado ni kilekile" Novemba 2024. Miaka ishirini na saba! Waliooa mwaka huo wameshaanza kuitwa babu.

Basi nikarudi kwenye programu yangu. Wingu ninalolitumia linafuata lugha ileile ya S3, kwa hiyo niliyoyasoma yalinifaa. Jambo la kwanza lilinifedhehesha kwa urahisi wake: mafaili hayahitaji kuulizwa moja moja. Ukiomba orodha, jibu moja linakuletea mafaili hadi 1,000, kila moja na jina lake, ukubwa wake, tarehe yake na ETag yake. Kurasa zangu 2,600 ni maombi matatu. Matatu! Na mimi nilikuwa nimekesha mwezi mzima nikigonga 2,600.

La pili ndilo lililoua sura ya saba. Mimi niliuliza jina, na jina halikuwa limebadilika. Nilichotakiwa kulinganisha ni alama. Kwa faili lililopakiwa kwa mkupuo mmoja, kwa njia ya kawaida, ETag yake ni hesabu iitwayo MD5 ya yaliyomo. Hesabu hiyo naweza kuipiga hapahapa mezani bila intaneti wala bando, kisha nikailinganisha na ile ya kwenye orodha. Koma moja ikihama, alama inageuka yote.

Hapo nikajikwaa tena, na hili nawaambia mnaotaka kujaribu. Faili kubwa hupakiwa kwa vipande, njia iliyoletwa mwaka 2010: ombi la kufungua, ombi kwa kila kipande, ombi la kufunga. Likipakiwa hivyo, ETag yake inakuwa na kistari na idadi ya vipande mwishoni, na haifanani tena na MD5 ya faili zima. Mimi kwa kutaka makuu nilikuwa nimeweka vipande kwa kila kitu, hata ukurasa wa kilobaiti 300. Maombi matatu mahali pa moja, na alama isiyolinganishika juu yake! Nikaviondoa. Riwaya nzima ya mtu haifiki hata MB mbili. Inataka mkupuo mmoja tu.

Mshikaji hakuridhika. Alisema kwa nini uulize hata mara tatu, weka daftari la alama kwenye kompyuta yako, ulinganishe nalo, maswali yawe sifuri. Kihesabu yuko sahihi, na wapo wanaofanya hivyo. Tulibishana kijiweni mpaka chai ikapoa. Mimi daftari la namna hiyo nilishawahi kuwa nalo, la majina, na lilikaa ndani ya diski ileile iliyokufa, likiniambia kila usiku kwamba mambo poa. Maswali matatu nayalipia. Nataka nisikie kutoka kulekule.

Sura ya saba nimeiandika upya kwa majuma mawili. Si ileile. Katika ile iliyopotea mama alilia alipouza cherehani. Katika hii anahesabu noti mara mbili na kumwambia mnunuzi kwamba sindano ya akiba imo kwenye kisanduku cha chini. Jana usiku programu iliuliza mara tatu, ikajibiwa mara tatu, na mafaili mawili yakapanda: ukurasa mmoja wa shairi ambao panya walikuwa wameutafuna pembeni, na sura ya saba, ambayo nilikuwa nimeibadilisha neno moja.